Amri Haramu

Mwezi Mei 2019, saa nne na nusu usiku, mdogo wangu alinitumia kwa WhatsApp picha ya kioo cha laptopu yake. Kioo kilijaa herufi nyeupe juu ya weusi, na mstari wa mwisho ulikuwa na maneno mawili ya Kiingereza ambayo kwa Kiswahili ni haya: amri haramu. Basi. Hakuna maelezo, hakuna pa kuuliza. Chini ya picha alikuwa ameandika: "Kaka, nimeiharibu. Usimwambie mama."

Hakuwa ameharibu chochote. Nililijua hilo palepale, nikamwambia alale, kesho tungelimaliza. Ilituchukua siku kumi na moja. Katika siku hizo mama alikwenda Kariakoo akamwita kijana wa watu mwizi, na mimi nikagundua kwamba kazi ninayoifanya kwa majivuno ina tabia moja mbaya ambayo tumeizoea hadi tukaiona ni ufundi.

Nianze na laptopu. Mama aliinunua kwa mkopo wa kikoba. Ilikuwa imetumika kidogo, imetoka Dubai, ndivyo alivyosema muuzaji, na ilikuwa na kibandiko cha Pentium ambacho bado kinang'aa. Mdogo wangu alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, mkoani. Mradi wake ulikuwa kuifundisha kompyuta kutazama picha ya jani la muhogo na kusema kama lina batobato, lina michirizi ya kahawia, au ni zima. Picha alizipiga mwenyewe kwenye shamba la bibi na mashamba ya majirani, likizo nzima, kwa simu. Alikuwa nazo zaidi ya elfu mbili. Alichokosa ni programu ya kuzisoma. Akapakua moja maarufu, ya bure, ambayo vitabu na walimu wote wanaitaja. Akaiwasha. Amri haramu.

Kwa asiye wa fani, jambo lenyewe ni hili. Prosesa haielewi lugha tunayoandikia programu. Inaelewa orodha yake ya amri: jumlisha hiki, peleka kile, linganisha hivi viwili. Kompaila ndiyo mkalimani. Inachukua msimbo ulioandikwa na binadamu na kuugeuza kuwa amri hizo. Kompaila ninayoitumia mimi, GCC, ni ya bure na ya wote. Richard Stallman aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1987, na tangu hapo imetafsiri sehemu kubwa ya programu zinazoendesha dunia.

Shida ni kwamba orodha ya amri haisimami mahali pamoja. Kompyuta nyingi za mezani na laptopu nyingi zina msingi mmoja uliowekwa mwaka 2003, AMD ilipotoa prosesa yake ya kwanza ya biti 64. Juu ya msingi huo, kila baada ya miaka michache, wanaongezewa amri mpya. Mwaka 2011 zikaja zinazoitwa AVX, mwaka 2013 AVX2. Faida yake si ndogo. Amri za msingi hubeba namba nne kwa mkupuo, AVX hubeba nane. Kwa kazi kama ya mdogo wangu, ambayo ni kuzidisha na kujumlisha namba mamilioni kwa mamilioni, hiyo ni tofauti kati ya kubeba matofali manne na kubeba manane kwa safari moja.

Kwa hiyo kompaila inataka kujua: nimwandikie nani? Unaweza kuijibu "mwandikie yeyote", nayo itatumia amri za msingi ambazo kila mashine inazo. Unaweza kuitajia jina la ukoo fulani wa prosesa. Au unaweza kuandika -march=native, maana yake "mwandikie mwenyeji", yaani mashine hiihii ninayoifanyia kazi. Ni kama kwa fundi cherehani. Unasimama, anakupima mabega na kiuno, anakata kitambaa kwa mwili wako. Nguo inakaa vizuri kuliko yoyote ya dukani.

Hakuna ubaya kushonewa nguo. Ubaya ni kuishona kwa kipimo cha mwili wako, kisha kuitundika dukani kama nguo ya watu wote, na anayeipasua mgongoni unamwambia ana mwili mbaya.

Ile programu maarufu ilikuwa imetafsiriwa kwa ajili ya mashine zenye AVX. Laptopu ya mdogo wangu haikuwa nayo. Prosesa ilipofika kwenye amri isiyo kwenye orodha yake, ikasimama, na mfumo ukaiua programu.

Mimi nikasema, nitamjengea upya kutoka kwenye msimbo. Nilikuwa na mashine nzuri ya kazini, Core i7, yenye Ubuntu ya 2018 na GCC toleo la 7. Nikaiacha ikafanya kazi usiku kucha, nikaweka matokeo kwenye flashi, nikaenda stendi, nikampa kondakta. Kwa mdogo wangu mtandao ulikuwa wa kuokoteza, na bando la kupakua mamia ya megabaiti lilikuwa ni hela ya chakula cha wiki.

Flashi ya kwanza haikufika hata kwenye amri haramu. Laptopu yake ilikuwa na Ubuntu ya 2016, yenye GCC toleo la 5. Kila toleo la kompaila hii huja na maktaba yake, na programu iliyojengwa na toleo jipya hudai vitu ambavyo maktaba ya zamani haijawahi kuvisikia. Programu ya zamani hukaa vizuri kwenye maktaba mpya. Mpya kwenye maktaba ya zamani haikai. Kila aliyefanya kazi hii mwaka mmoja analijua hilo. Nililijua nami. Sikulifikiria, kwa sababu kwenye mashine yangu ilikuwa inafanya kazi.

Nikasakinisha ndani ya mashine yangu mfumo wa zamani kama wake, wenye GCC 5 ileile, nikajenga tena. Flashi ya pili ikapanda basi. Safari hii maktaba zilikubaliana, programu ikawaka, ikahesabu sekunde mbili, ikafa. Amri haramu. Kwa mazoea ya vidole nilikuwa nimeandika -march=native, na mwenyeji aliyepimwa alikuwa i7 yangu.

Sasa nikajiona nimeerevuka. Nikamwambia mdogo wangu asome jina la prosesa, nikatafuta ukoo wake. Ni ule ambao GCC huuita skylake. Lakini jina hilo liliingia kwenye toleo la 6, na mimi nilikuwa nimerudi kwenye la 5. Nilipolitaja, kompaila ikanijibu kwamba haimjui mtu huyo. Nikatafuta ndugu wa karibu ambaye toleo la 5 linamfahamu, nikampata broadwell, kaka yake mkubwa. Nikasema, mdogo hawezi kukosa walichonacho wakubwa zake. Flashi ya tatu. Amri haramu.

Siku ya tisa ndipo nilipofanya jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza. Nilimwomba mdogo wangu aandike amri moja fupi ya kuiuliza laptopu yenyewe inajua nini, anipigie picha jibu lake. Jibu lilikuja baada ya dakika mbili. Katika orodha ndefu ya uwezo wake, AVX haikuwamo. Prosesa ilikuwa ya ukoo ule kweli, lakini kwa miaka mingi Intel iliuza Pentium na Celeron ambazo AVX ilikuwa imezimwa, hata pale ndugu zao wa bei kubwa wa kizazi hichohicho walipokuwa nayo. Simlaumu muuzaji wala mtengenezaji. Karatasi ya sifa zake inasema wazi. Ni mimi niliyeuliza ukoo nisiulize mtu. Na kompaila ilinisadiki: ukiitajia jina la ukoo, inachukulia kwamba kila mwana ukoo ana kila kitu cha ukoo.

Flashi ya nne niliijenga kwa amri za msingi na nyongeza moja ndogo ambayo laptopu yake ilikubali kuwa inayo. Ikafika siku ya kumi na moja, asubuhi. Ikafanya kazi.

Mdogo wangu alikuwa amepanga kujaribu njia sita za kutambua majani. Siku zilizobaki zilitosha tatu. Ripoti yake ina jedwali lenye safu tatu, na sentensi moja inayosema nyingine zimeachwa "kwa sababu ya ufinyu wa muda". Niliposoma sentensi hiyo niliona aibu, kwa kuwa muda haukuwa finyu. Muda uliliwa, na walioula nawafahamu, maana mimi ni mmoja wao.

Najua majibu yanayotolewa hapa. Nimewahi kuyatoa mwenyewe.

Jibu la kwanza: anunue mashine nzuri. Hili hutolewa na watu ambao hawajawahi kulipa marejesho ya kikoba. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye i7 hamjui mwenye Pentium. Lakini hata tukiacha huruma pembeni, jibu hili linadanganya kuhusu umri. Laptopu ile haikuwa kuukuu. Prosesa yake ilikuwa na miaka miwili. Tunazungumza kana kwamba mashine zimepangwa foleni, mpya mbele na chakavu nyuma, na anayeachwa ameachwa na wakati. Ukweli ni kwamba zimepangwa pia kwa bei. Anayeachwa ni aliyenunua cha bei nafuu, juzi.

Jibu la pili ni la haki zaidi: dunia haiwezi kusubiri kila mashine. Nakubali. Kuna siku ya kufunga mlango. MongoDB, programu ya kutunza data, tangu toleo la 5.0 la mwaka 2021 inataka prosesa yenye AVX. Red Hat Enterprise Linux 10 ya mwaka 2025 inataka hata AVX2. Debian, kwa upande wake, bado inajengwa kwa msingi ule wa 2003. Unaweza kubishana na uamuzi wowote kati ya hiyo, lakini angalau kinachotakiwa kimeandikwa, na anayetaka kusoma kabla ya kupakua anaweza kusoma. Kuweka mpaka na kuutangaza ni haki ya mwenye kazi. Ninachokipinga ni mpaka usiotangazwa mlangoni, unaoujua ukishaugonga kwa kichwa usiku wa manane, tena kwa maneno mawili yanayokufanya udhani kosa ni lako. Hebu yafikirie maneno yenyewe. Haramu! Mama alipotafsiriwa aliuliza: "Haramu? Nani kaiharamisha?" Ni swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku zile. Jibu lake ni: mtu fulani aliyekuwa na haraka.

Jibu la tatu ndilo linalopendwa na wenzangu: kasi. Ukijenga kwa ajili ya wote, unapoteza nusu ya nguvu za mashine mpya. Hili lingekuwa kweli kama tungelazimika kuchagua moja. Hatulazimiki, na kwa hiyo hapa ndipo hasira yangu inapoanza. Programu moja inaweza kubeba tafsiri mbili au tatu za kazi ileile ngumu, ikawaka, ikaiuliza prosesa inajua nini, ikachagua. Kila kompyuta ya kawaida ya Linux hufanya hivyo kila siku: maktaba yake ya msingi ina namna kadhaa za kunakili data, na huchagua inayoifaa prosesa iliyopo. GCC ina njia ya kuiuliza prosesa tangu toleo la 4.8 la mwaka 2013. Tangu toleo la 6 la mwaka 2016, unaweza kuweka alama juu ya kazi moja ndani ya msimbo, na kompaila yenyewe itatengeneza nakala za prosesa mbalimbali na kuweka kichaguzi. NumPy, inayotumiwa na karibu kila anayechezea namba kwa Python, iliipanua njia hii kwenye toleo la 1.20 la mwaka 2021. Mwenye AVX anapata kasi yake yote. Asiyenayo anakwenda polepole, lakini anakwenda.

Gharama zipo. Faili linakuwa kubwa, majaribio yanaongezeka, na wengi wanaotunza programu huria wanafanya kazi hiyo usiku baada ya kazi nyingine, bila malipo. Siwezi kumdai mtu zawadi kubwa kuliko aliyoitoa. Basi nadai kidogo. Mistari mitatu mwanzoni mwa programu, inayoiuliza prosesa, na kama haina kinachohitajika, iseme hivyo: "Programu hii inahitaji AVX, mashine yako haina, mashine yako si mbovu." Mistari mitatu! Ingeokoa siku kumi na moja, flashi nne, na heshima ya kijana wa Kariakoo.

Na msidhani ninawatazama wageni tu. Ugonjwa huu tunao hapahapa, na pengine sisi tuna hatia kubwa zaidi, kwa sababu sisi tunazijua mashine za kwetu. Mwaka mmoja baada ya habari ya muhogo, niliandika programu ndogo ya mahesabu kwa ajili ya chama kimoja cha akiba na mikopo. Niliijenga kwenye mashine ya kukodi mtandaoni, kwa mipangilio niliyoinakili kutoka kwenye kazi nyingine bila kuisoma. Ndani yake ilikuwamo ileile -march=native. Huko mtandaoni "mwenyeji" ni mashine yoyote uliyopewa siku hiyo, mara nyingi seva yenye amri ambazo kompyuta za mezani hazijawahi kuziota. Jumatatu asubuhi programu ikafa kaunta, foleni ikiwa mlangoni. Mhasibu alinipigia simu kwa upole unaoumiza: "Samahani fundi, sijui nimebonyeza nini." Hakubonyeza kitu. Ni maneno yaleyale ya mdogo wangu, na safari hii mshonaji nilikuwa mimi.

Hilo ndilo linalonikera kuliko muda uliopotea. Mashine inapokataa bila maelezo, mtu wa kawaida hujilaumu. Binti anadhani ameharibu. Mhasibu anadhani amebonyeza. Na sisi tunaojua ukweli tunawaambia "sasisha", "badilisha toleo", "nunua i5", kila neno likimwongezea gharama yeye na kutupunguzia kazi sisi. Ushauri wa kusasisha kompaila nao si wa bure kama unavyosikika. Toleo jipya la kompaila linataka maktaba mpya, maktaba mpya inataka mfumo mpya, mfumo mpya unataka bando na nafasi kwenye diski, na mwishoni wala haitakuwa na AVX, kwa sababu AVX haipakuliwi.

Basi wewe unayejenga programu, hasa kwa watu wa kwetu, nakuomba ubadilishe mambo machache ya kila siku. Jenga kwenye mfumo wa zamani kuliko yote unaokusudia kuuhudumia, siyo mpya kuliko yote ulio nao. Weka -march=native kwenye kazi zako za chumbani, ambako mpimwaji na mvaaji ni mtu mmoja. Usiamini jina la ukoo. Iulize mashine. Tafuta laptopu moja ya bei ya chini kabisa unayoweza kuiazima, uijaribie programu yako kabla hujaitoa. Na ukiamua kufunga mlango, andika juu ya mlango kwamba umefungwa.

Nimesema mama alikwenda Kariakoo. Ilikuwa siku ya tano, baada ya mdogo wangu kushindwa kumficha. Alipanda daladala mbili, akamkuta yule kijana dukani, na mbele ya wateja akamwambia amemuuzia mzigo mbovu, arudishe pesa ya akina mama wa kikoba. Kijana aliiomba laptopu aipime. Mama hakuwa nayo, ilikuwa mkoani. Kijana akasema, "Mama, mimi nimeuza nzima." Mama akasema wote ndivyo mnavyosema.

Nilipompigia kumwambia imefanya kazi, alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo haikuwa mbovu?"

"Haikuwa mbovu, mama."

"Na yule kijana hakunidanganya."

"Hakudanganya."

Jumamosi iliyofuata alipanda tena daladala mbili, akarudi kwenye lile duka, akamwomba radhi mbele ya wateja, kama alivyomtukana mbele ya wateja. Sikumtuma. Alinisimulia baadaye, tukiwa tunakula. Kijana alicheka, akamletea kiti, akamuuliza shida ilikuwa nini hasa. Mama akamwambia ni watu wa kompyuta, walishona nguo bila kumpima mwenye kuvaa. Mfano huo wa nguo nilioutumia humu ni wake.